Simu Iliyosahau Majina ya Vitufe

Duka letu na duka lao yanatazamana. Sisi tunauza simu za Sumaku, wao wanauza simu za Johari, na katikati yetu kuna kibarabara chembamba kiasi kwamba muuzaji wao akipiga chafya, mimi huku ndiye ninayemwambia pole. Kwa hiyo Johari walipotoa mfumo wao mpya wa simu, ule walioupa jina la Anga, sikuhitaji kusoma popote ili nijue watu wameupokeaje. Nilikuwa nawaona kwa macho yangu wakitoka pale mlangoni.

Anga ilibadilisha sura yote ya simu. Kila kitu kiligeuka kioo. Vitufe vilikuwa vinang'aa na kuelea, picha uliyoweka inaonekana kwa nyuma, na ukikigusa kitufe kinatikisika kama tone la maji juu ya jani. Wapo waliokipenda kitu hicho hadi wakashindwa kuiweka simu mfukoni. Wapo pia waliokuwa na malalamiko. Fundi viatu anayekaa kwenye kona yetu alikuwa ameweka picha ya mke wake, na saa ikaenda kukaa katikati ya nywele za mama wa watu.

"Nikitaka kujua saa ngapi," akaniambia, "lazima nianze kumpekua kichwa."

Mzee mmoja naye alikosea mlango, akaingia kwetu na kusema simu yake imeingia maji. Niliigeuza huku na huku. Ilikuwa kavu.

"Hayo matone ndani ya kioo huyaoni?" akauliza.

"Hivyo ni vitufe, mzee wangu. Wamevitengeneza hivyo makusudi."

Akaichukua simu yake. "Basi tumeuharibu mchele wetu bure kwa kuifukia humo ikauke," akasema, na ndipo nilipoona punje mbili tatu zimenasa kwenye tundu la chaji.

Meneja wetu alifurahi kupita kiasi. Alichapisha bango kubwa lililoandikwa SUMAKU: UNAONA UNACHOBONYEZA, akalitundika juu ya mlango likitazama ng'ambo. Kisha akatukusanya wauzaji wote na kutuambia huu ndio wakati, watu wa Johari wamechanganyikiwa, kila mmoja wetu akatafute mteja wa ng'ambo amvushe.

Mimi wa kwangu nilikuwa naye tayari. Nilikuwa nimemwinda kwa miaka bila mafanikio. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka.

Wifi yangu haoni. Macho yake yalizimika kwa homa alipokuwa msichana wa shule, akamaliza masomo yake hivyo hivyo, na siku hizi ni mpangaji wa safari katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Anakaa kwenye kiti chake, eafoni katika sikio moja, akiongoza malori ya unga, ya dawa na ya maziwa. Barabara zote anazo kichwani, kila mzunguko, kila daraja, kila mahali askari wanapopenda kusimama. Madereva wanamwita Dira, na jina hilo limemganda hadi nyumbani. Hata mama yetu humwita mkwe wangu Dira.

Kazi hiyo yote aliifanya kwa simu ya Johari. Simu za siku hizi zina sauti inayosoma kilichoandikwa kwenye kioo. Asiyeona anapitisha kidole, sauti inamwambia amefika wapi, anagonga mara mbili, kitu kinafunguka. Dira alikuwa ameiharakisha sauti yake hadi sisi wengine tukisikia ni kama mtu anayekimbizwa huku anahesabu. Kioo chenyewe alikizima ili kuokoa chaji. Ukimwona akiandika ujumbe kwenye simu nyeusi tii, unaweza kudhani anacheza.

Nilimwambia mara ngapi ahamie Sumaku. Alinijibu mara ngapi kwamba mkono wake umeshaizoea Johari na hauna shida nayo. Kisha likaja sasisho la Anga, na simu yake ikajisasisha yenyewe ikiwa kwenye chaji.

Jumapili yake nilikuwa nafua nilipoona ujumbe wa sauti umeingia kwenye kundi la familia, kundi ambalo ndani yake yumo mama, shangazi, na mabinamu wote hadi wale tusioongea nao. Sauti ilikuwa ya Dira, na alikuwa anaongea na mume wake.

"Huyo dada yako akija leo mwambie nimelala. Nampenda, hilo analijua. Lakini kila akifika hapa ananiuzia simu. Siku atakayokuja kunisalimia tu, bila kunitajia Sumaku, nitamchinjia ng'ombe."

Mama ndiye aliyejibu kwanza: "Mkwe wangu, hapa tunasikia wote." Shangazi akatuma sura zinazocheka, safu nzima. Kaka yangu alijifanya hayupo, ingawa kila mtu aliona kwamba ameshausikiliza.

Niliacha nguo kwenye beseni, nikajifuta povu, nikaenda.

"Hodi."

"Karibu, wifi," akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeweka kiazi cha moto mdomoni.

"Nimekuja kusalimia tu," nikasema. "Ng'ombe yuko wapi?"

Kaka yangu aliingia jikoni na hakutoka tena. Nilidhani Dira atacheka, kwa sababu kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kucheka. Lakini hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Wifi yangu, maneno niliyasema, siwezi kukana," akasema. "Lakini niliyafuta. Nilirekodi nimtumie kaka yako, nikaona nimezidisha, nikafuta. Nina hakika nilifuta."

"Mbona yametufikia?"

Alichomoa eafoni ili na mimi nisikie, akapunguza kasi ya sauti, akafungua mahali pa kurekodi. Akapitisha kidole polepole.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kimoja kinatuma kwa mtu mmoja, kimoja kwa kundi zima," akasema. "Kimoja kinafuta. Kimoja sijui ni cha nini. Zamani kila kimoja kilikuwa na jina lake. Ningevikariri basi vilipo, lakini sasa vinaelea. Asubuhi cha kufuta kilikuwa kushoto. Mchana kimehamia juu."

Nilikitazama kioo. Mimi niliviona vyote bila taabu, kile cha pipa la taka, kile cha mshale, vizuri kama mapambo. Nikafumba macho, nikajaribu kama yeye. Kitufe, kitufe, kitufe. Nikagonga kimoja. Kaka yangu akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza kwa nini tunampigia.

"Sikutajii kampuni yangu," nikasema.

"Asante."

"Ila unajua niko wapi."

Sasa akacheka kidogo.

Ujumbe ule wa nyumbani ulikuwa mchezo. Wa kazini haukuwa. Katikati ya wiki, dereva mmoja anayeitwa Kobe, ambaye ndiye anayekimbia kuliko wote, alikuwa na lori la maziwa. Dira alianza kumrekodia apite darajani. Kabla hajamaliza, dereva mwingine akamwambia kwamba daraja limefungwa, kuna trela limelala. Dira akaufuta ule ujumbe na kurekodi mwingine: zunguka kwa juu, pita kiwandani. Alivyojua yeye, wa kwanza ulifutwa na wa pili ukaenda. Kumbe ilikuwa kinyume chake. Kobe alisimama kwenye foleni ya daraja na jua likamkuta hapo, na jokofu la lori lile lilikuwa bovu tangu zamani. Maziwa yalifika yameganda.

Mkurugenzi wao si mtu mbaya. Alimwita ofisini, akampa kiti, akamwambia kwamba hamlaumu. Lakini kwa sasa akae mapokezi, apokee wageni, na karani wa stoo atashika kiti chake mpaka mambo ya simu yatakapotengemaa.

"Nikamwambia mapokezi sikai," Dira alinieleza jioni ile. Alikuwa anakata vitunguu, na kisu kilikuwa kinashuka kwa nguvu kuliko vitunguu vilivyohitaji. "Nikamwambia nitachukua likizo yangu, na nikirudi nitarudi kwenye kiti changu. Karani wa stoo hajui hata barabara ya machinjio inatokea wapi."

"Na utarudi na simu gani?"

"Ndiyo unaniuzia sasa?"

"Nakuuliza."

Aliweka kisu chini. "Nilipiga simu Johari, huduma kwa wateja. Nilimweleza dada aliyepokea kila kitu. Akaniambia muonekano mpya umependwa sana na wateja. Nikamwambia mimi ni mteja na muonekano sijauona. Akaniambia nimwombe mtu wa karibu anisaidie kubonyeza. Nikamuuliza kama naweza kurudishiwa mfumo wa zamani. Akasema ukishapanda Anga hakuna kushuka."

Siku iliyofuata nilimletea Sumaku ya maonyesho, ile tunayowapa wateja waijaribu. Sitasema nilifanya kwa huruma tupu. Meneja alikuwa ameahidi zawadi kwa atakayevusha wateja wengi, na mimi nilikuwa naona kabisa picha yangu na wifi yangu chini ya lile bango.

Dira aliijaribu kwa uaminifu. Alishinda nayo sebuleni akijifunza njia mpya moja baada ya nyingine, kama mtu anayehamia nyumba na kutafuta mlango wa choo uko wapi. Niliporudi kuchukua majibu, nilimkuta anayo.

"Ya kwako inajua majina," akasema. "Tuma inaitwa tuma, futa inaitwa futa. Hapo nawapa heshima yenu. Lakini nipigie."

Nikampigia. Sauti iliyokuwa inamsomea ikakatika, ikabaki milio ya kuita tu.

"Unaona? Mtu akipiga, ninyi mnaninyamazia. Sijui nani anapiga, sijui pa kupokelea, sijui pa kukatia. Mimi kazi yangu ni kupigiwa, wifi. Ya kwako ni karani mwenye adabu, ila anasinzia wageni wakija."

Niliyapeleka hayo kwa meneja kama nilivyoyapokea. Alikuwa anakula huku anatazama mauzo kwenye kompyuta.

"Wateja wa namna hiyo ni wangapi?" akauliza.

"Sijui."

"Basi."

Hilo neno basi lilinikaa vibaya. Yule dada wa Johari alisema lake kwa adabu zaidi, lakini lilikuwa lile lile. Wakati huo huo sisi na wao tulikuwa tunagombania wapita njia kana kwamba kila mmoja ni dhahabu. Tulikuwa tunavutana hata kwa mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi.

Nilimweleza Dira majibu ya meneja nikitarajia atavunjika moyo. Alikuwa amekaa barazani na wenzake: mwalimu wa hisabati ambaye haoni tangu kuzaliwa, na mwanasheria mmoja mwanamke, mcheshi, anayeona mwanga tu na vivuli. Wote watumiaji wa simu, wawili wa Johari, mmoja wa Sumaku, na wote walikuwa wamechoka.

"Mimi kesho nina kesi," mwanasheria akasema, "na leo nimemtumia hakimu kibonzo cha paka."

"Ameshinda paka?" mwalimu akauliza.

Walipomaliza kucheka Dira akasema, "Kampuni hizi mbili zinashindana. Wifi yangu huyu hapa kazi yake ni kushindana. Mwenzake akishusha bei na yeye anashusha, mwenzake akileta wimbo na yeye analeta ngoma. Kwa hiyo hawa hawaogopi malalamiko. Malalamiko wanayashukuru tu. Wanachoogopa ni yule wa ng'ambo kuwapita. Sasa mimi nataka wanishindanie mimi."

"Vipi?" nikauliza.

"Jumamosi Johari si wana sherehe yao pale nje?"

Walikuwa nayo kweli. Walikuwa wamefunga sehemu ya kibarabara, wameweka jukwaa na spika, na mshereheshaji aliyevaa koti linalong'aa kama mfumo wenyewe. Mchezo ulikuwa huu: unapanda jukwaani, unapewa simu yenye Anga, unarekodi salamu, unaituma kwenye namba yao, na atakayewahi anaondoka na begi na kofia. Meneja wetu hakukubali kuachwa. Naye alikuwa ametoa meza nje, na spika yetu imeelekezwa kwenye spika yao.

Dira alifika na kaka yangu amemshika mkono, nyuma yao mwalimu na mwanasheria na fimbo zao. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini. Akajipanga kwenye mstari kama watu wengine.

Zamu yake ilipofika, mshereheshaji akasitasita. "Dada yetu, labda tukupe zawadi tu moja kwa moja?"

"Zawadi ya nini? Bado sijacheza."

Watu wakapiga makofi. Akapewa kipaza sauti, na nilimwona akikigusa juu na chini kujua mdomo wake uko wapi.

"Mimi ni mteja wa Johari tangu simu zenu za kwanza," akasema. "Nimeambiwa muonekano mpya unapendeza, na siwezi kubisha. Naomba kitu kimoja. Kaka, wewe simu yako ni ya Johari?"

"Naam, na Anga imo," mshereheshaji akasema, akiinua simu yake watu waione.

"Niazime. Nitakuwashia sauti ya kusoma na nitakuzimia kioo. Halafu urekodi salamu uifute. Usiitume, uifute tu. Ukiweza, mimi nitanunua simu mbili hapa hapa, na huyu mume wangu atalipa."

Kaka yangu akasema hakuambiwa hilo, lakini hakuwa na kipaza sauti.

Yule bwana hakuwa na pa kukimbilia. Alitoa simu. Dira aliifanya ilivyo yake, ikawa nyeusi, akaishikilia karibu na kipaza sauti na kumwonyesha namna ya kupitisha kidole na kugonga. Mshereheshaji akarekodi salamu ya mbwembwe: "Habari, mrembo wangu, mimi mfalme wa jukwaa." Kisha akaanza kutafuta pa kufutia.

"Kitufe," spika zikasema, mtaa mzima ukasikia. "Kitufe. Kitufe."

Watu wakaanza kumsaidia, juu, chini, kushoto, na wao hawakuwa wanaona kitu. Akagonga. Simu ikalia mlio wa ujumbe uliokwenda. Akapapasa tena. Baada ya muda simu ikaanza kuita, naye, kwa kuwa hakujua anagusa nini, akapokea.

"Wewe," sauti ya mama mtu mzima ikatoka kwenye spika kubwa. "Mimi mama mkwe wako, nimekuwa mrembo wako tangu lini?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile mtaani kwetu. Fundi viatu alikaa chini kabisa. Hata wauzaji wa Johari walikuwa wanageuza nyuso. Mshereheshaji alimwomba mkwe wake radhi mbele ya umati, kwa heshima zote, na nikampenda kwa hilo. Kisha akamrudishia Dira kipaza sauti.

"Mimi haya yananipata kazini," Dira akasema, na watu wakatulia. "Maziwa ya lori zima yaliharibika kwa sababu ya kitufe ambacho mtu fulani alisahau kukiandikia jina. Kukiandika ni neno moja tu. Sitaki kofia. Nataka hilo neno."

Meneja wetu hakungoja. Alivuka barabara na kipaza sauti chake, uso umemjaa neema. "Dada, mlango wetu uko wazi. Sumaku tunamjali kila mteja."

"Nilikuwa nakuja kwenu," Dira akamjibu. "Nipeni yenu."

Akaletewa, ile ile ya maonyesho. Akawasha sauti, akapitisha kidole, na majina yote yakatoka vizuri: tuma, futa, rudi. Watu wakashangilia. Meneja akainua mikono. Ndipo Dira akageuza uso upande nilikokuwa nimesimama; alikuwa amenisikia nikikohoa.

"Wifi," akasema, "nipigie."

Meneja alikuwa ananitazama. Alijua, maana nilikuwa nimemwambia mwenyewe. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Nilikuwa na namba ya simu ile kichwani kwa sababu nimeipigia mbele ya wateja kwa miaka, na mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshaishika simu yangu. Nilifikiria zawadi, nikafikiria kodi ya nyumba, nikafikiria vile vitunguu. Nikapiga.

Sauti ikakatika. Spika zikabaki na milio ya kuita tu, simu ikitetemeka mkononi mwa Dira, na yeye akiwa amesimama tu, akiwaacha watu wangoje pamoja naye. Alingoja hadi simu ilipokatika yenyewe.

"Hawa nao wameninyamazia," akasema. "Kampuni zote mbili ziko hapa, na mimi niko hapa katikati ya barabara. Atakayetengeneza kwanza ndiye nitakayehamia kwake, na wenzangu hawa, na kila ninayemjua. Mnashindana kila siku. Basi nishindanieni na mimi."

Akashuka jukwaani, kaka yangu akampokea.

Jumatatu meneja aliniita nyuma ya duka. Aliniuliza niko upande gani.

"Upande wa kuuza," nikamwambia. "Watu waliorekodi pale ni wengi. Sasa hivi wote wanajua yetu inanyamaza. Ama tuwaambie makao makuu waitengeneze, ama nikae kaunta nikijibu maswali ya simu inayonyamaza. Barua nimeshaiandika, nahitaji tu saini yako."

Aliisoma akiwa amesimama. Alisema maneno mengi ambayo sitayarudia, akaniondoa kwenye mashindano ya zawadi, kisha akasaini. Nadhani kilichomsainisha ni bango lake mwenyewe, kwa kuwa tayari kuna mtu alishaandika chini yake kwa mkaa: NA USIPOONA?

Johari ndio waliotangulia. Mwanamke mmoja, mhandisi, alimpigia Dira akajitambulisha kwamba yeye ni miongoni mwa waliounda vitufe vile. Hakutetea chochote. Alisema suala la majina alikuwa amelileta mezani kabla ya Anga kutoka, wakaambiana watalirudia baadaye, na baadaye yenyewe haikuja. Aliomba aje. Akaja kweli, akakaa kwenye lile kochi na kompyuta yake, na Dira akampitisha kila mahali, hadi kona ambazo mhandisi mwenyewe hakukumbuka kama zipo. Mwalimu na mwanasheria waliongeza ya kwao. Walipofika kwenye vile vitufe vinavyoelea walibishana sana. Mhandisi alisema kuelea ndiyo roho ya Anga. Dira akasema roho ielee inavyotaka, lakini cha kufuta kikae mahali pamoja. Waliafikiana hivyo: anayetumia sauti ya kusoma, vyake vitatulia.

Sasisho lilipotoka, Dira alikuwa bado na siku za likizo. Hakuzisubiri ziishe. Aliingia ofisini asubuhi, akamkuta karani wa stoo amelikwamisha lori la dawa kwenye barabara ya njia moja na anapiga kelele. Dira alimgusa bega.

"Nipishe, ndugu yangu," akasema, na yule bwana akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyeokolewa. Kobe alinisimulia kwamba sauti ya Dira iliposikika kwenye simu zao, madereva walipiga honi popote walipokuwa, na yeye mwenyewe alipiga akiwa nje ya hospitali, akafukuzwa.

Sumaku walichelewa, lakini walikuja. Makao makuu hawakupenda kuonekana wamepitwa, wakatuma wao watu wawili badala ya mmoja. Siku hizi kampuni zote mbili zinamletea mifumo yao kabla haijatoka, na analipwa kwa kazi hiyo, maana alikataa katakata kuifanya kwa kofia. Ahadi yake aliitimiza: Johari walitangulia, akabaki Johari, na wenzake wakaenda naye. Mteja wangu huyo nimemkosa moja kwa moja. Lakini mwalimu wa hisabati alimleta dada yake, na dada yake akaleta chama kizima cha wasioona cha mtaa wao, wakasema wanataka simu za yule wifi aliyempigia Dira.

Juzi nilipita kwao baada ya kazi. Kaka yangu alikuwa anapika, na Dira alikuwa barazani na simu sikioni, kidole kimenyooshwa kunizuia nisiseme. Sasisho jipya la Johari lilikuwa limeingia asubuhi hiyo. Kila kitufe kilikuwa na jina, isipokuwa kimoja cha kuongeza sauti ya mpigaji, ambacho sasa kilikuwa kinaitwa "picha".

"Ndiyo, bado nipo," alikuwa anamwambia mtu wa huduma kwa wateja. "Hapana, sitaki kutuma maoni. Nataka yule mhandisi wa vitufe. Niunganishe naye."

Alisikiliza kidogo, akavuta kigoda kwa mguu akanisogezea nikae, akaegemeza mgongo ukutani.

"Nasubiri," akasema.